Kofia Nyeusi Kando ya Mto

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Ikupa alimvuta Severina vichakani.

"Yule tena?"

"Yule tena. Inama!"

Waliinama, wakiziba midomo kwa vitenge vya sare ili kicheko kisitoke. Chini yao mto uliuzunguka mji wa Durham, huko Ulaya, kama mkono uliopakata mtoto. Juu ya miti, kanisa kuu lilisimama na minara yake mitatu. Kwaya yao ilikuwa imesafiri kutoka Mbeya kuja kuimba humo saa sita kamili. Wimbo mmoja tu, na wa kuuanzisha alikuwa Ikupa.

Severina alichungulia. Mzee mwenye kofia nyeusi alikuwa karibu na daraja, amewapa mgongo, ameukumbatia mti.

"Anajifanya anaupima," alisema Severina, mzaliwa wa Mafinga kwenye misitu ya mbao. "Kwetu angeshaulizwa kibali. Jina lake nani?"

"Silitaji."

"Huku kafikaje?"

"Ana mtoto anasoma hapa."

"Mchumba wako wa zamani, eti?"

"Ushindwe! Mzee yule?"

"Basi alikukosea."

"Hata siku moja. Mtu mwema mno."

"Si ukamsalimie!"

Ikupa alishtuka kana kwamba ameambiwa aruke mtoni. "Nikimkuta kanisani, siimbi. Mtaanzisha wenyewe."

"Toka Ilomba, Mbeya, mpaka Ulaya, halafu tuanzishe wenyewe? Inuka!"

Walikimbilia njia ya juu. Kofia ilikuwa huko. Wakateremka ya chini, viatu mkononi, wakawapita vijana waliokuwa wakipiga makasia. Kofia ikachomoza kwenye kona, ikapotea. Severina alicheka hadi akashika mbavu.

Saa sita kasoro dakika tano walipenya mlango wa pembeni, wakajibanza kwenye nguzo nene kuliko lori la mbao. Mbele, wenzao walikuwa wamekwisha kujipanga.

Upande wa pili wa nguzo mtu alikuwa akihema.

Severina alizunguka kwa kunyata. Ilikuwa kofia nyeusi, sasa imekumbatiwa kifuani.

"Shikamoo, baba," alinong'ona kwa ukali. "Unamwinda nani?"

"Marahaba, mwanangu. Nimwinde nani? Namkimbia mke wa mwanangu! Kwa mila yetu, mkwe na mkamwana ni mwiko kuonana. Tangu asubuhi, kila ninapojificha anatokea." Mzee alijifuta jasho, akaibana nguzo zaidi. "Mwambie aanzishe wimbo. Nimekuja kumsikia, si kumwona."