Saini ya Jikoni

Sheria inamtaka mwandishi aende kusaini kitabu palepale msomaji alipoacha kukisoma. Nimeshasaini saluni, kwenye banda la kuku na juu ya paa, fundi bati akinishikilia ngazi.

"Kumbe uliishia ukurasa wa tatu?" nilimuuliza.

"Mvua ilianza, mzee," alinijibu kwa huruma.

Leo simu imeniletea anwani ya nyumbani kwangu: jikoni, ukurasa wa arobaini na moja. Nimemkuta mke wangu akisonga ugali.

"Si ulisema umekimaliza, Mama Zuhura?"

"Niliacha pale mume anapoondoka. Hivi, anarudi?"

Nilimwandika asirudi.

"Anarudi," nikasema, nikatia saini na kukifunga kitabu.

"Basi leo nitaendelea," akasema, akifuta mikono.