Tuko Pamoja Nawe

"Mtoto amegeuka," alisema Bubu, simu mkononi, na nyundo ya seremala ikabaki hewani.

Si kwamba habari yenyewe ilikuwa kubwa kiasi hicho. Ni kwamba Bubu alikuwa amesema. Karakana nzima ya makochi ilimpa jina hilo kwa sababu angeweza kushona mito kutwa nzima bila kutoa neno, akala peke yake, akafagia vipande vyake vya sponji, akaaga kwa kuinua kidole. Lakini tangu ujumbe wa kliniki ya wajawazito uanze kuingia kila Jumatatu, ulimi ulikuwa umemfunguka.

"Kichwa kimeelekea chini," aliendelea. "Ndivyo inavyotakiwa."

"Haya, daktari," seremala alisema. "Na shemeji tutamwona lini? Au umemfungia kabatini?"

"Yuko kwao."

"Na ujumbe unakuja kwako?"

"Laini ni yangu. Uende kwa nani?"

Seremala akarudia misumari yake, maana hata kwake mambo yalikuwa hivyo hivyo: simu ya nyumba ni moja, na inakaa mfukoni mwa baba.

Simu ya Bubu haikuwa na kazi nyingine. Tangu abadilishe laini hakuna aliyempigia, na yeye pia hakuwa na wa kumpigia. Jioni alirudi chumbani kwake, akala chakula chake kwenye sahani yake moja, kisha akausoma tena ujumbe wa Jumatatu, kwa sauti, kama anayemsomea mtu. Mtoto sasa anasikia. Mtoto sasa anafumba na kufumbua macho. Upweke ulikuwa umemla Bubu miaka mingi, tena ulimla vibaya, na usiku wa Jumatatu ndio pekee aliopata usingizi wa maana.

Mwisho wa kila ujumbe kulikuwa na maswali. Mama, kichwa kinakuuma sana? Uso au mikono imevimba? Unaona maluweluwe? Moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Bubu alibonyeza mbili, na papo hapo jibu likarudi: Asante, Mama. Tuko pamoja nawe.

Hayo maneno ya mwisho aliyapenda kuliko yote. Hakukumbuka ni lini mtu alimwambia kitu kama hicho.

"Sasa wewe unajibu tu," seremala alimwambia siku moja, akimchungulia begani. "Mwenyewe umemuuliza?"

"Hajambo huyo."

"Umejuaje?"

"Namwombea kila siku. Atakosaje kuwa mzima?"

Seremala alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Kumbe manesi wanajisumbua bure," alisema, akijifuta machozi kwa mkono wenye vumbi la mbao.

Jumatatu moja ujumbe ulikuja mrefu kuliko kawaida. Mama, ulipokuja mara ya mwisho presha yako ilikuwa imepanda. Je, una dalili yoyote kati ya tulizokufundisha? Bubu aliusoma mara mbili. Kidole kilisita. Kujibu ndiyo aliona ni sawa na kumtakia mabaya. Akabonyeza mbili.

Asante, Mama. Tuko pamoja nawe.

Alishusha pumzi, akarudi kwenye cherehani.

Wiki hiyo ndiyo aliyoanza kutengeneza godoro dogo. Aliunga vipande vya sponji laini, akavichonga kwa kisu mpaka pembe zikawa mviringo, akalishonea foronya ya pamba yenye zipu, iweze kuvuliwa na kufuliwa, maana watoto ni watoto. Seremala alilibonyeza kwa kiganja kila upande akitafuta kasoro ya kumtania nayo. Aliikosa.

"Huyo mtoto atalala kuliko bosi," alisema.

Kisha ukaja ule ujumbe wenyewe. Mama, siku zako zimetimia. Njoo kliniki na kadi yako na nguo za mtoto. Bubu aliomba ruhusa, akanyoa ndevu, akavaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, akapita karakana kulichukua godoro.

"Leo unamwona," seremala alimwambia.

"Leo namwona," alijibu Bubu, na kwa mara ya kwanza wakayaona meno yake yote.

Kliniki ilikuwa imejaa. Bubu alipita polepole mbele ya mabenchi, godoro kwapani, akiwatazama wajawazito usoni mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliyemtazama alimpa tabasamu. Mwisho akafika dirishani. Nesi alimuuliza namba ya simu, akaiandika kwenye kompyuta, akasoma, akasogea karibu na kioo akasoma tena.

"Hajafika," alisema. "Na mahudhurio yake ya mwisho aliyakosa. Tungemfuata, lakini amekuwa akijibu vizuri wiki zote. Wenye dalili, na wanaokaa kimya, hao ndio tunawafuata mpaka nyumbani." Aligonga kioo kwa kalamu. "Ila hii presha siipendi hata kidogo. Hili si jambo la kusubiri kesho, baba. Mkeo yuko wapi?"

Bubu aliliweka godoro juu ya kaunta, akaliwekea mkono.

"Sina mke, sista," alisema. "Laini hii niliinunua barabarani ikiwa imeshatumika, yangu ilipoibwa. Huyu mama anaitwa nani?"