Nasaba ya Nahodha

Athmani Mbwana aliibwaga karatasi juu ya mkeka, vikombe vya kahawa vikatikisika.

"Isome!" alimwambia Mwanasha. "Isome, kisha unionyeshe ya mwanao."

Mwanasha hakuigusa. Hakutoka Msambweni hadi Gazi kwa miguu aje asome karatasi ya mtu aliyemtukana. Alikuja kumsikia Bi Asiya, mkongwe wa miaka themanini na zaidi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini jamaa wote wa pwani ile, wazima na wafu, aliwajua mmoja mmoja.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa posa. Chirau, mwana wa Mwanasha, alitaka kumwoa Mwanafatuma, binti Athmani, na binti mwenyewe alikwisha kuridhia. Athmani alimrudisha mshenga na sinia lake, akapaza sauti ikafika barabarani: "Simwozi mwanangu kwa mtu anayeitwa kwa jina la mamake!"

Babake Chirau alikuwa baharia mgeni, aliyekufa maji kabla mtoto hajazaliwa. Jamaa zake hawakutokea. Mji mzima ukazoea kusema Chirau wa Mwanasha.

Mwanasha alipopata maneno yale alimwandama Athmani hadi barazani kwake, wazee wameketi, akamuuliza, "Na wewe babu zako ni akina nani hasa?"

Tangu siku hiyo Athmani hakutulia. Miezi mitatu ya mwaka ule wa 1956 aliifuatia nasaba yake Shimoni, Wasini na Vanga. Karatasi aliyoiandika marehemu babake ilisema: Athmani bin Mbwana bin Alfani bin Nahodha. Hapo ikakoma. Athmani alitaka majina yaliyo mbele ya hapo, amtupie yule mwanamke usoni.

Kila alikopita alisikia sifa. Nahodha alipeleka boriti Arabuni misimu ishirini. Nahodha alivunjikiwa na chombo karibu na Pemba, asipoteze baharia hata mmoja. Nahodha alimzaba kofi mtoza ushuru wa Sultani, na bado akaachiwa akapita. Jina alilopewa siku ya kuzaliwa halikujulikana na yeyote. Wote walisema Nahodha, basi. Athmani alirudi kifua mbele: mtu mkubwa namna hiyo, hata cheo kikawa ndilo jina!

Sasa alimgeukia Mwalimu Abdurahman, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemleta awe shahidi.

"Mwalimu, nishuhudie. Sisi tumetoka mwanamume kwa mwanamume, mabaharia watupu. Bi Asiya akisema kuna mmoja katika ukoo wangu aliyeitwa kwa mamake, basi Wallahi, Chirau na aje Ijumaa hii amchukue mke."

"Umeapa," alisema Mwanasha.

"Nimeapa! Bibi, wewe Nahodha ulimwona kwa macho yako. Sema."

"Nilimwona," alisema Bi Asiya. "Nilikuwa mwari wakati huo. Karatasi yako inasema mkewe alikuwa nani?"

"Haikumtaja."

"Haikumtaja kwa sababu hakuwa naye. Nahodha hakuwa na mke."

Athmani aliruka akasimama. Yeye, aliyekuja kumfedhehesha mwenziwe, kuambiwa hivi mbele ya Mwanasha!

"Unamwita babu yangu mwanaharamu?"

"Sikusema hivyo, na usinipigie kelele nyumbani kwangu. Alfani alizaliwa ndani ya ndoa, ndoa ya mashahidi na khutba. Alizaliwa chomboni, katikati ya safari."

"Chomboni? Mwanamke alifuata nini chomboni?"

Mwalimu Abdurahman, aliyekuwa akinywa kahawa, alikiweka kikombe chini polepole, akamtazama yule mkongwe.

"Babako Mbwana aliniuliza kama unavyoniuliza wewe," alisema Bi Asiya. "Nikamjibu. Akaondoka amenuna, akaenda akaandika alivyotaka."

"Uongo! Umezeeka, Bibi, akili imekuruka. Hujui unamsema nani!"

Kwa mara ya kwanza siku ile Bi Asiya naye alikasirika. Alijiinua mkekani kwa mikono yake miwili, akamkazia Athmani yale macho yake mafifu.

"Nisijue namsema nani? Siku Nahodha alipofariki, walioosha maiti ni mama yangu na mimi. Mama alimwaga maji, nami nikamsuka zile nywele misuko mitatu, nikazilaza mgongoni. Babu yako Alfani alisimama nje na wanaume wenziwe, analia, anangoja tumalize kumvika sanda mamake."