Spika la Kushoto

Kwaru, kwaru, kwaru. Alfajiri, giza bado limejaa sebuleni, Rahma alisimama akipapasa kiberiti huku akisikiliza. Kitu kilikuwa kinatafuna. Akaifuata sauti mpaka kwenye kabati la vyombo, mkono wa kulia.

"Mama, siyo huko," Hanifa akamvuta kanga. "Ni huku, kwenye spika."

Kweli. Njiti ilipowaka, panya alichoropoka nyuma ya spika la kushoto, akapotelea chini ya mlango.

Mwingine angelaani. Rahma aliketi chini akacheka peke yake. Panya! Kumbe ni panya tu! Spika lile lilikufa juma lile yeye na mwanawe walipougua matubwitubwi, mashavu yamevimba, wamepakwa dawa ya masizi kama wacheza ngoma, na hakujua limeuawa na nini. Sasa muuaji amemwona kwa macho. Waya uliotafunwa huungwa.

Maspika yenyewe hayakuwa ya mchezo. Yalisimama sakafuni, marefu kumpita Hanifa, mbao nzito ya rangi ya chai, kitambaa cha usoni kimepauka. Marehemu baba mkwe aliyapata kwa daktari mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na miaka yote ile ya maduka matupu, mtaa mzima ulisikia muziki kutoka nyumba hii. Siku hizi mambo ruksa, redio za plastiki zimejaa sokoni. Lakini Mzee Alute, mwenye ukumbi wa harusi Unyambwa, alisema hataki makopo. Anataka maspika yenye kifua. Alasiri hiyo Shamte, mume wa Rahma, angetoka machimboni Iramba na kumpitia mzee, waje wayakague.

Yakinunuliwa, Shamte anafungua kibanda cha kaseti sokoni, harudi tena shimoni. Yasiponunuliwa, anarudi. Na mwezi uliopita shimo la jirani na lake lilititia. Si wote waliotolewa.

Spika moja bila mwenzake, Mzee Alute alishasema, ni kabati la nguo.

Fundi Laurenti alifika asubuhi, umeme umekatika. Akafungua mgongo wa spika, akatoa manyoya na matambara ya panya, akagusisha waya kwenye betri ya tochi. Koni ya karatasi ndani ya spika ikaruka: tak.

"Shemeji, hili zima kuliko mimi."

"Na waya?"

"Panya wako alikuwa mpangaji tu. Hajavunja kitu."

"Fundi, usinifariji. Limekufa."

"Basi limekufa na roho yake ndani," Laurenti akacheka, akachukua mfuko wake.

Mlangoni akapishana na Bi Mwanabaraka, mama mkwe, mikono kiunoni.

"Nakuita tangu bombani, unanipita kama mti! Haya maringo umeyatoa wapi, Rahma? Hata jirani yetu Mzee Leonidas kalalamika. Anasema siku hizi ukimkuta humwamkii, mpaka akutangulie yeye, na bado huitikii."

"Sikusikia, mama. Nisamehe. Shikamoo."

"Hukusikia!" Bi Mwanabaraka akasonya. "Marahaba."

Umeme ulirudi adhuhuri. Rahma akaweka kaseti ya taarabu, akasimama kama Shamte alivyomfundisha: katikati kabisa, macho yamefumbwa, uache masikio yapime. Muziki wote ukalalia kulia. Kushoto, ukuta.

Akabadilisha waya, wa kulia akaupeleka kushoto. Kushoto, ukuta.

Akapiga moyo konde. Akayakumbatia moja moja kama watu wagonjwa, akayaburuza mpaka yakabadilishana nafasi, jasho likimtiririka mgongoni. Akasimama tena katikati, akafumba macho. Lile zima, sasa liko kushoto, limekufa. Ile maiti, sasa iko kulia, inaimba.

Akakaa sakafuni. Kosa la panya angelielewa. Hili hakulielewa. Ni kona hii ya nyumba? Ameikosea nini? Alisoma madarasa ya jioni akiwa na mimba ya Hanifa, akafaulu, akajua kueleza mvua inavyotokea; leo sanduku la mbao limemshinda.

Hanifa, aliyekuwa akicheza kwa wimbo uleule, alimwona. Akamzunguka mama yake, akaja upande wa kulia kama alivyozoea siku hizi, akamnong'oneza, "Usilie, mama. Baba anakuja."

Akaja kweli. Amekonda, vumbi la machimbo kwenye kope, anatabasamu. Mzee Alute akapewa kiti katikati, Rahma akapiga magoti mkekani kuliani kwake, wote wakiyaelekea maspika. Shamte mwenyewe akafungulia sauti mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Mzee akafumba macho.

Shamte alisimama kando akisugua viganja. Rahma akaitazama ile mikono, kucha zilizopasuka, akaona ikirudi shimoni. Lakini kumwuzia mtu mzima maiti hakuweza.

"Mzee," akasema kwa nguvu, ashinde muziki, "nisamehe. Usinunue bila kujua. La kushoto limekufa. Nimejaribu kila kitu. Sijui nimelifanya nini."

Akainamisha uso, akangoja. Jibu halikuja. Taarabu iliendelea kuvuma kuliani, peke yake. Akangoja tena. Wamekasirika, basi. Yamekwisha.

Alipoinua macho, Shamte hakuwa akiyatazama maspika. Alikuwa akimtazama yeye, mdomo wazi, mikono imekoma kusugua. Mlangoni Bi Mwanabaraka amejiziba mdomo kwa kiganja.

Hanifa akatoka ubavuni mwa mzee, akapita nyuma ya mgongo wa mama yake, akatokea kulia, akalisogelea sikio lake, akasema kwa sauti:

"Mama, babu huyu anakwambia na kurudia: yote mawili yanaimba."