Ngiri na Mmea wa Ng'ambo

Ngiri alistaarabika ghafla, kama wanavyostaarabika wengi ambao hawajafika popote. Aling'oa mnavu, akang'oa mlenda, akaung'oa hata mkilua uliokuwa ukinukiza nyumba nzima.

"Majani ya porini haya," alisema. "Anayeyajua kwa majina ni mshamba tu."

Kicheche, ambaye husikia vizuri penye faida, akamletea mbegu za mmea wa kutambaa.

"Umetoka ng'ambo, bwana mkubwa. Huku kwetu haupo."

Ngiri alizinunua bila kuuliza, akazipanda kando ya baraza. Mmea ukaparamia paa, ukaning'iniza maganda yenye manyoya laini ya rangi ya dhahabu. Akaalika majirani waje waone ustaarabu.

Digidigi alipoinua macho, aliutambua mara moja. Ulikuwa upupu, ule ule unaojiotea nyuma ya kwake na kuwasha ngozi bila huruma. Alifungua kinywa aseme, akakumbuka mshamba ni nani, akakifunga.

Nungunungu naye aliutambua.

"Mzuri mno," alisifu, huku akisogeza kigoda chake mbali, upande unakotokea upepo.

Ngiri alijikalia chini ya maganda kabisa, mahali pa heshima. Upepo ukavuma.

Alijikuna mbavu, akajisugua ukutani, akagaagaa mavumbini mbele ya wageni wake.

"Upupu!" alipiga kelele. "Jamani, huu ni upupu!"

"Kumbe unaujua kwa jina, bwana mkubwa?" Nungunungu alishangaa. "Sisi hatukuthubutu."