Ukurasa Uliochanwa

Darasa lilikuwa na kamusi moja tu ya Kiingereza. Kila Ijumaa Mwalimu Kipingu aliifungua popote, akataja neno gumu, na aliyejua maana yake akapigiwa makofi. Makofi yote yalikuwa ya Chausiku. Mwasiti naye alipiga, ila viganja vyake havikugusana, kwa kijicho kilivyomkaba.

Alhamisi alimwona Chausiku kaukazania ukurasa mmoja wa kamusi, midomo ikimcheza. Wenzao walipokwenda kula, Mwasiti aliuchana ukurasa ule akauficha ndani ya soksi. Tuone sasa!

Ijumaa kamusi ikafunguka palepale penye pengo.

“Nani kachana?” mwalimu akafoka.

“Ukurasa huo naujua, mwalimu,” Chausiku alisema. Akasimama, akayataja maneno ya ukurasa ule na maana zake, moja baada ya jingine, darasa likasahau hata kukohoa. Mwasiti alihisi karatasi ikimwasha mguuni.

Lilipobaki neno la mwisho, Chausiku alinyamaza. Akageuka nyuma taratibu, akatabasamu.

“Hilo limenitoka. Mwasiti, shoga yangu, hebu tusomee wewe.”

Darasa zima likamgeukia Mwasiti, aliyekuwa ameinama akivuta soksi.