Mshubiri wa Dirishani

Kila nyumba ya ndoa ilipewa mshubiri wake wa dirishani, nao ulijua kama humo ndani mna amani. Ukikutwa umelegea siku ya ukaguzi, mke na mume hutenganishwa.

Wa Mwanasiti ulikuwa hoi. Aliubadilisha udongo, akaupunguzia maji, akausogeza juani, wapi! Mwisho akaliegemeza kila jani kwa kijiti cha mshikaki.

Siku Shebe, mumewe, alipokwenda msibani Pangani, Mwanasiti alivitoa vijiti avioshe. Majani yakabaki yamesimama, tena yamenona.

Ikawa hakai, hatulii. Aende jikoni, arudi, ayatazame.

"Hodi! Mke wangu, nimerudi!"

"Karibu, baba!" Akakimbilia dirishani kuyalaza majani, yasije yakamsema.

Akakuta yamekwisha kulala yenyewe.